Uso wa Jiwe Mbele ya Mchanga, Maji na Mawese



Anayeingia dukani kutafuta jiwe la sakafu au la kaunta ya jikoni huulizwa rangi anayoipenda, kisha vipimo, kisha ana kiasi gani mfukoni. Haulizwi uso wa jiwe umaliziwe vipi. Swali hilo limekwisha kujibiwa kiwandani, mbali na hapa, na jibu karibu siku zote ni moja: jiwe limeng'arishwa mpaka taa ya dukani inaonekana ndani yake. Mimi nasema swali hilo lina uzito kuliko rangi na vipimo, na kwamba kwa nyumba zetu za Kigoma na Ujiji, zilizo karibu na maji ya Ziwa Tanganyika, jibu la kiwandani halitufai sakafuni. Sakafu ipewe tangu mwanzo ule uso ambao nyayo na mchanga vitaupa kwa vyovyote vile: laini, uliotulia, usiong'aa. Kaunta ina hesabu yake, nayo inaanza na kujua jiwe ni la aina gani. Na nikitaja marumaru nina maana ya jiwe lenyewe lililokatwa mwambani, si vigae vya kiwandani ambavyo madukani navyo huitwa marumaru. Kigae kina ngozi ya juu iliyochomwa tanuruni, na ngozi hiyo ikishaharibika basi. Jiwe ni lile lile juu hadi chini, ndiyo maana linaweza kusuguliwa upya, na ndiyo maana mwenye nyumba ana uchaguzi.

Tuanze na mng'ao wenyewe. Okota jiwe dogo la duara pale ufukweni. Likiwa kavu limefifia, la kijivu tu. Lichovye majini, rangi zake zinatoka mara moja, mishipa yake inaonekana, linameremeta. Jiwe halikubadilika. Uso wake mkavu una mikwaruzo na vishimo vidogo mno, na mwanga ukiufikia unatawanyika huku na huko; maji yakijaza vishimo vile, uso unakuwa sawa na mwanga unarudi kwa pamoja. Mashine ya kung'arisha inatafuta matokeo hayo hayo kwa kusugua. Fundi anaanza na sahani ya kusagia namba 50, anapanda 100, 200, 400, kila hatua ikifuta mikwaruzo ya hatua iliyotangulia na kuacha mingine midogo zaidi. Akisimama kwenye 400 hivi, anapata uso ambao kiganja kinauona laini lakini haurudishi taa. Akiendelea 800, 1500, 3000 na kumalizia kwa unga wa polishi, anapata kioo. Kwa hiyo mng'ao si kitu kilichoongezwa kwenye jiwe. Ni mikwaruzo iliyoondolewa. Na mikwaruzo hurudi. Anayenunua mng'ao ananunua pia kazi ya kuulinda, kila siku, kwa miaka yote atakayoishi ndani ya nyumba ile, na ni haki yake kujua anaulinda dhidi ya nini.

Huku kwetu anaulinda kwanza dhidi ya mchanga. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs aliyapanga madini kwa ugumu kuanzia 1 hadi 10, kwa kanuni nyepesi kwamba gumu hukwaruza laini. Talki ni 1, almasi ni 10. Kalisaiti, ambayo ndiyo marumaru yenyewe na ndiyo mawe ya chokaa, iko kwenye 3. Kwatsi, madini yanayofanya sehemu kubwa ya mchanga wa fukwe zetu, iko kwenye 7. Mtu anapotoka mwaloni Katonga, hapa Kigoma, na punje chache zimeganda kwenye kandambili zake, akavuka sebule yenye marumaru iliyong'arishwa, kila hatua inakandamiza kitu cha ugumu wa 7 juu ya kitu cha ugumu wa 3 kwa uzito wa mwili mzima. Graniti inajitetea vizuri zaidi, kwa kuwa imejaa kwatsi na feldispa yenye ugumu wa 6, lakini kujitetea ni kuchelewa kuchakaa tu. Na sakafu haichakai sawasawa. Angalia korido za hospitali na ofisi za zamani zilizomwagwa terazo, yaani vipande vya marumaru ndani ya saruji vilivyosagwa pamoja: kandokando ya kuta bado panang'aa, na katikati, watu wanapopita, pamefifia. Macho hayaoni tena terazo nzuri, yanaona njia. Sakafu ile ile ingemaliziwa bila mng'ao tangu siku ya kwanza, njia isingeonekana, maana nyayo zisingekuwa na kitu cha kuondoa. Zingeendelea kuisugua kwa namna ile ile fundi alivyoisugua.

Jambo la pili ni maji, na hapa sizungumzii uzuri, nazungumzia mifupa. Jiwe lililong'arishwa likiwa kavu halitelezi kama watu wanavyodhani. Likilowa, utando mwembamba wa maji hukaa kati ya wayo na jiwe, na kwa kuwa uso hauna vishimo vya kuyapokea maji yale, wayo hauligusi jiwe. Uingereza hupima jambo hili kwa pendulum: mkono wenye kipande cha mpira unaachiwa uteleze juu ya sakafu iliyoloweshwa, na sakafu inayopata alama 36 au zaidi ndiyo huhesabiwa kuwa na hatari ndogo ya kuteleza. Jiwe lililong'arishwa kwa kawaida halifiki hapo likiwa na maji. Lililopigwa nyundo ya meno au kuchomwa moto hufika. Hatuhitaji pendulum kujua ni wapi sakafu zetu hulowa. Hulowa mahali pa kutilia udhu, na Ujiji ni mji wa misikiti. Hulowa bafuni, kwenye baraza mvua za masika zinapoingia kwa upepo, kwenye ngazi za zahanati zinazodekiwa kila asubuhi, na mwaloni kuanzia alfajiri. Wanaopita hapo ni pamoja na wazee, wajawazito, na watoto wenye ndoo kichwani. Kuweka jiwe la kioo mahali pa udhu kwa sababu linapendeza kwenye picha ya ufunguzi ni kosa ambalo kamati ya msikiti haina sababu ya kulifanya.

Nitajibiwa kwamba misikiti mikubwa duniani imejaa marumaru nyeupe inayometa, na kwamba hata Makka sakafu inayozunguka Al-Kaaba ni marumaru ya Thassos kutoka Ugiriki, inayosifiwa kwa kubaki baridi chini ya jua kali. Ni kweli. Lakini ubaridi ule unatokana na weupe wa jiwe na namna linavyorudisha joto, na weupe haupotei jiwe likimaliziwa bila kioo. Na tena, Makka kuna wafanyakazi wanaosafisha usiku na mchana, wakiwa na mashine, bila kukoma. Hilo ndilo jibu langu kwa kila mfano wa jumba la fahari: mng'ao ni utaratibu wa kazi, na palipo na mikono na fedha za kuuendesha unaweza kudumu. Shule ya kata yenye mhudumu mmoja na ufagio haina utaratibu huo, na sakafu yake isijengwe kana kwamba inao.

Sasa tuingie jikoni, na hapa naomba mnivumilie, maana mambo yanafungamana. Maji ya bomba ya Kigoma na Ujiji yanatoka ziwani, na maji ya Tanganyika si maji ya mvua. Yana alkali, pH yake inakaribia 9, na yamebeba magnesiamu na kaboneti. Ndiyo maana mawe ya ufukweni mahali pengi yamevaa gamba jeupe. Tone likikauka juu ya kaunta nyeusi linaacha duara la weupe. Mwenye jiko anasugua kwa sabuni, halitoki. Anakumbuka kwamba ndimu hutoa ukoko kwenye birika, anakata ndimu, anasugua, na doa jeupe linatoka kweli. Kama jiwe lake ni graniti, amefanya vizuri, asuuze tu. Kama ni marumaru au jiwe la chokaa, ameondoa doa na kula jiwe pamoja nalo, kwa kuwa doa na jiwe ni jamaa moja, vyote kaboneti, na asidi haichagui. Alama inayobaki haifutiki kwa sabuni yoyote, kwa sababu si uchafu: mng'ao umeliwa. Siki hufanya vivyo hivyo, na ukwaju, na nyanya zilizokatwa zikaachwa, na soda. Katika jiko la Kigoma, ambamo migebuka haiivi bila ndimu, kaunta ya marumaru iliyong'arishwa itapata alama hizo kabla mwezi haujaisha.

Dawa yake si kuacha ndimu. Dawa ni kutambua kwamba alama ile yenyewe ni uso usiong'aa juu ya uso unaong'aa, na inaonekana kwa sababu ya tofauti hiyo tu. Marumaru iliyosuguliwa hadi 400 ikasimama hapo hupata alama zile zile, ila zinazama ndani ya uso unaofanana nazo, na mwenye nyumba akizichoka anaweza kuzilainisha mwenyewe kwa msasa wa maji. Ndiyo maana nasema jawabu la kaunta linafuata jiwe. Jiwe la jamii ya chokaa lising'arishwe jikoni. Graniti ya kweli, isiyoogopa ndimu na ngumu kuliko kisu, inaweza kung'arishwa juu ya kaunta, na hapo sina ugomvi na kiwanda, kwa sababu hakuna anayetembea juu ya kaunta na mchanga miguuni. Tatizo linakuja kwa graniti nyeusi. Ikisuguliwa bila mng'ao hugeuka kijivu na kuonyesha kila alama ya kidole chenye mafuta. Anayeitaka nyeusi bila kioo aombe isuguliwe kwa brashi ngumu baada ya kusagwa, ibaki na mawimbi madogo yanayoficha vidole na kutunza weusi wake. Na lipo jiwe la sabuni, lile linalochongwa Tabaka huko Kisii, ambalo limejaa talki na kwa hiyo hukwaruzwa hata na kijiko, lakini asidi hailipati. Maabara za Ulaya na Marekani zilitandika meza zake kwa jiwe la aina hiyo kwa sababu hiyo hiyo. Mkwaruzo wake unaondolewa kwa msasa na kupakwa mafuta.

Mafuta yananileta kwenye mawese. Mkoa huu ndio kitovu cha michikichi nchini, kituo cha utafiti wa zao hilo kiko Kihinga, na chupa ya mawese iko katika kila jiko. Mafuta haya yana tabia mbili zinazolihusu jiwe. Yanaganda kwenye ubaridi wa alfajiri na kuwa mepesi yakipata moto, kwa hiyo sufuria inayotolewa jikoni na kuwekwa juu ya tone lake inaliyeyusha na kulisukuma ndani ya vinyweleo vya jiwe, na jiwe likipoa yanaganda huko huko. Tabia ya pili ni rangi yake, inayotokana na karotini. Karotini hufifia juani, kwa hiyo doa jekundu karibu na dirisha laweza kupungua lenyewe. Lakini mafuta hayaondoki na rangi, na chini yake hubaki kivuli cheusi. Hapa wanaotetea mng'ao wana hoja nzuri na lazima ipewe haki yake: uso uliong'arishwa una vinyweleo vilivyobanwa zaidi na hunywa mafuta taratibu kuliko uso uliosuguliwa tu. Naikubali hoja hiyo kwa kaunta ya graniti. Kwa marumaru na mawe ya chokaa haitoshi, kwa sababu ndimu ya kwanza inakula mng'ao na kufungua mlango ambao mng'ao ulikuwa umeufunga. Doa likishaingia, huvutwa nje kwa kupaka tope la unga mkavu unaonyonya, chaki au udongo mweupe uliochanganywa na sabuni kali ya kuondoa mafuta, likaachwa likauke siku nzima. Ni mbinu ile ile ambayo Idara ya Mambo ya Kale ya India imekuwa ikiitumia kwa tope la udongo kwenye kuta za Taj Mahal tangu 1994 kutoa umanjano wa marumaru yake.

Wauzaji wana jibu fupi kwa haya yote: dawa ya kuziba. Paka dawa, wanasema, na jiwe lolote lenye uso wowote litakuwa salama. Dawa nzuri ya kuziba huingia ndani ya vinyweleo na kuyapunguzia maji na mafuta nafasi ya kupenya. Inamnunulia mwenye jiko muda wa kufuta kabla doa halijazama, na kwa marumaru iliyosuguliwa bila mng'ao naishauri bila kusita. Lakini haizuii ndimu, kwa sababu ndimu haihitaji kupenya, inakula pale pale juu. Haizuii mchanga. Na zile dawa zinazokaa juu kama rangi ya vanishi hukwaruzika kabla ya jiwe, hufubaa, hubanduka, na ukizitandaza sakafuni umegeuza jiwe kuwa plastiki inayoteleza.

Kuna wanaosema uso usiong'aa ni uso wa jiwe ambalo halijakamilika, la mtu aliyeishiwa fedha. Hili ni suala la fahari, na fahari ya watu haidharauliwi. Ila tutazame waliojenga kwa mawe kabla yetu. Mafundi wa Kilwa Kisiwani na wa Unguja hawakuwa na uso mmoja kwa jengo zima. Kuta walizijenga kwa mawe ya matumbawe makavu, ya kukwaruza, na kuzivalisha lipu ya chokaa; matumbawe laini yaliyotolewa baharini yakiwa bado mabichi waliyatunza kwa mihirabu na miimo ya milango, mahali jicho linapotulia, na huko ndiko walikochonga na kulainisha. Kila sehemu ilipewa uso wa kazi yake. Hicho ndicho ninachokiita ukamilifu, na ndicho kinachokosekana tunapochukua jiwe moja lenye kioo kimoja na kulitandaza kuanzia ngazi za nje hadi bafuni.

Kwa ngazi hizo na mabaraza ipo namna nyingine ya kumalizia. Graniti ikipitishiwa ndimi za moto mkali, punje za kwatsi hutanuka, na zikifika nyuzi 573 za Selsiasi hubadilika umbo kwa ghafla na kurusha vipande vya uso. Kinachobaki ni uso mkavu wa punjepunje unaoshika wayo hata wakati wa mvua. Marumaru usiichome: kalisaiti ikipata moto wa kutosha inakuwa chokaa, na kila mchoma chokaa anajua hilo. Hiyo ipigwe nyundo ya meno. Na miamba migumu ya mawe-mchanga ya Kigoma ina zawadi ambayo haitumiki vya kutosha: ikipasuliwa kwa mipasuko yake yenyewe, inatoa uso wa kukanyagia usiohitaji mashine yoyote.

Niutazame mwalo kwa ukaribu, maana ndipo hoja yote inapoonekana kwa pamoja. Meza ya kuuzia samaki inataka uso uliobanwa, usio na vishimo, kwa sababu utelezi wa samaki, damu na magamba ya migebuka vikipata vishimo vinaoza humo na harufu haitoki kwa maji wala kwa brashi. Hatua moja chini ya meza ile, sakafu inataka kinyume chake kabisa: ukwaruzo wa kutosha kumshika mama aliyebeba beseni la dagaa mabichi, na mteremko wa kupeleka maji mferejini. Jiwe linaweza kuwa moja, graniti juu na graniti chini. Mkandarasi anayeziweka zote mbili zikiwa na mng'ao mmoja amewahatarisha wachuuzi. Anayeziweka zote mbili zikiwa na ukwaruzo mmoja amewaharibia samaki. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu meza na sakafu za masoko hujengwa kwa fedha za umma, na anayelipa kosa ni mchuuzi ambaye hakuulizwa.

Imebaki bei. Wengi hapa hawatanunua graniti, na sitaki mtu aondoke akidhani namwambia akope. Terazo ni jiwe, na fundi wa terazo akiagizwa asimame kabla ya polishi anafanya kazi pungufu, si ya ziada. Aliyekwisha kuweka marumaru ya kioo sakafuni hana haja ya kuibomoa: mashine ile ile ya kusagia ikirudishwa na sahani za namba za chini, sakafu inasuguliwa hapo hapo ilipo na njia ya nyayo inapotea.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Kabla ya kulipa, dai kipande cha jiwe lile lile utakalouziwa, si cha mfano wa dukani. Kiweke mezani usiku, utone juu yake tone la maji, tone la ndimu na tone la mawese, kila moja peke yake. Maji na ndimu uvifute baada ya dakika 10, mawese yalale hadi asubuhi. Kisha kipeleke dirishani na ukitazame kwa ubavu, mwanga ukikipiga kwa mshazari: penye tone la maji kama pameiva rangi, jiwe linakunywa, penye ndimu kama pamefifia, ni la jamii ya chokaa, hata kama risiti imeandikwa graniti, na penye mawese kama pamebaki kivuli, mafuta yamezama. Na la pili nawaambia hasa wenyeviti wa kamati na madiwani. Kwenye makadirio ya ujenzi msikubali neno "marumaru" peke yake. Iandikwe ni jiwe gani, na uso wake umaliziwe vipi, chumba kwa chumba, ngazi kwa ngazi, na mkandarasi atie sahihi hapo.